Mawese Ndani ya Beringi

Je, baba alikuwa akiitengeneza ile pikapu ili mama aende kambini, au alikuwa akiitengeneza ili asiende? Nimeishi na swali hili tangu nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu hadi sasa nina mvi za kutosha, na sina wa kumuuliza. Baba amezikwa Ujiji. Mama amezikwa upande wa pili wa mpaka, kwenye mlima alikozaliwa. Inawezekana kwamba hata wangekuwa hai wangenijibu mambo mawili tofauti, na yote mawili yakawa kweli.

Mwaka ule chuo kilifungwa kwa sababu ya mgomo, tukarudishwa makwetu. Nilishuka kwenye treni Kigoma nikaukuta mji umefurika. Watu walikuwa wakivuka ziwa kutoka pande zote zilizokuwa na vita, wakishuka Kibirizi na Bangwe na magodoro, sufuria, vyerehani, mbuzi mmoja mmoja, na wazee waliobebwa mgongoni. Walilala kwenye mchanga wakisubiri malori ya kuwapeleka makambini, na mvua iliwanyeshea hapo hapo. Wenyeji walikuwa na maneno ya aina mbili juu yao. Asubuhi waliwapelekea uji na nguo za watoto. Jioni, kukiwa na kuku aliyepotea, walisema serikali imechelewa mno kuwaondoa. Nyakati nyingine maneno yote hayo yalitoka kwenye kinywa kimoja.

Nyumbani kwetu hatukusema maneno ya aina yoyote. Mama yangu alikuwa mkimbizi wa zamani. Alivuka mpaka akiwa msichana, katika wimbi la kwanza la wakimbizi, akitembea na majirani kwenye vilima vya Manyovu, wakati wazazi wake wamekwisha uawa. Dada yake mkubwa, ambaye alikuwa ameolewa tayari, alibaki. Mama akalelewa Ujiji na bibi mmoja aliyekuwa akikamua mawese, kisha akaolewa na baba, ambaye alikuwa akiyanunua mawese hayo na kuyasafirisha. Walinipata mimi peke yangu. Alijifunza kujitanda khanga, kupika sombe, yaani kisamvu, kwa namna ya kwetu, na kuzika na kuozesha pamoja na wanawake wa mtaa, mpaka watu wakasahau alikotoka. Karatasi hakuwa nayo hata moja, ukiacha cheti cha ndoa alichoandikiwa na shehe, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Alichoshindwa kukibadilisha ni lafudhi. Akikasirika, au akiharakisha, Kirundi kilijitokeza chini ya Kiswahili chake kama sakafu ya zamani chini ya mkeka.

Habari za dada yake zililetwa na mwanamke mmoja kutoka kambini, kwenye barabara ya Kasulu, ambaye alikuwa akipata kibali cha kutoka na kuja kuuza maharage soko la Mwanga. Alimtafuta mama kwa kuuliza kibanda hadi kibanda. Alisema dada mtu yuko kambini, ana ugonjwa wa kifua, hawezi kusimama, na kwamba anataja jina la mdogo wake kila anapoamka. Mama alirudi nyumbani bila kununua alichokifuata sokoni. Alimwambia baba jambo moja tu: anataka kumleta dada yake Ujiji, afie kwenye nyumba yenye mlango, asifie chini ya turubai.

Jambo hilo lilikuwa gumu kuliko linavyosikika. Mkimbizi hakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, na mgonjwa asiyeweza kusimama hakuwa na namna ya kwenda kukipangia foleni. Mabasi yalisimamishwa kwenye kizuizi cha askari barabarani, abiria wakashushwa na kusemeshwa mmoja mmoja ili lafudhi zao zisikike. Lakini pikapu ya baba ilijulikana. Kwa miaka mingi ilikuwa ikipita pale na mapipa ya mawese, na askari walikuwa wakiipungia mkono tu, wengine bila hata kuinuka. Kama kulikuwa na njia ya kumfikisha mama mkubwa Ujiji, njia yenyewe ilikuwa hiyo pikapu.

Na pikapu ilikuwa ikinguruma. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa na mlio wa jiwe la kusagia, ambao ulipanda kila mwendo ulipoongezeka. Jioni ile ile baba aliipandisha kwenye jeki uani, akalishika gurudumu juu na chini, akalitikisa. Lilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka.

"Kwa gurudumu hili," alimwambia mama, "hatufiki hata nusu ya njia."

Ilikuwa kweli. Nataka nimtendee haki: kila alichokisema baba katika siku zile kilikuwa kweli.

Asubuhi tuliifungua. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia na alihitaji mtu wa kumwonea vitu vidogo, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiichomoa pini iliyopinda, kuzishika nati na kuziosha kwenye mafuta ya taa. Tulipoing'oa habu, ambayo ndiyo nyumba ya beringi, harufu iliyotoka haikuwa ya gari. Ilikuwa ya jikoni. Ndani, mahali pa grisi, palikuwa na gundi nyeusi iliyoungua, yenye wekundu kwenye kingo. Vile vigololi virefu vya beringi vilikuwa vimegeuka rangi ya samawati kwa moto, na vingine vimemeguka.

Jirani yetu, mstaafu wa bandarini aliyekuwa na desturi ya kutusalimia kwa kuchungulia juu ya ua, alichungulia.

"Mzee, mnakaanga nini humo? Mwenzako nimetoka na sahani."

"Karibu," baba alimjibu. "Bado hazijaiva."

"Na wewe msomi," akanigeukia, "ndiyo shahada yenyewe hii?"

Nilimwambia hii ni ile sehemu ya vitendo. Baba alicheka, na ilikuwa mara yangu ya mwisho kumsikia akicheka mwezi ule.

Ni lazima nieleze habari ya mawese, kwa sababu sidhani kama jambo hili lilifanyika kwingine. Katika miaka ya uhaba, nilipokuwa bado mtoto, grisi ilitoweka madukani, na wafanyabiashara wa mawese wa Ujiji wakaanza kujaza beringi zao kwa mashapo mazito yanayobaki chini ya pipa. Walifanya hivyo alfajiri, mawese yakiwa yameganda kwa baridi na yanashikika kama siagi. Kwa safari fupi za Mwanga, Bangwe na bandarini yalitosha. Wakataniana kwamba gari linalobeba mawese na lenyewe lilambe kidogo. Tatizo lilikuwa vilima. Gari likianza kupanda na habu ikapata moto, mawese huyeyuka, yakatiririka nje kwenye tairi, na beringi ikabaki kavu. Grisi iliporudi madukani wengi waliacha. Baba hakuacha. Alikuwa na imani na mawese ambayo nadhani haikuwa imani ya ufundi. Ndiyo yaliyomjengea nyumba, yakamwozesha na kunisomesha.

Nilimwambia kwamba safari hii tutumie grisi. Hakubisha. Nilikwenda Mwanga nikaleta kopo, nikaliweka kwenye kivuli cha ukuta.

Beringi zenyewe hazikuwapo Kigoma. Baba aliziagiza Dar es Salaam, kama ilivyokuwa desturi, kwa kumpa mfanyakazi wa treni vigololi vya zamani viwe mfano. Kisha mvua ikakata reli mahali fulani katikati ya nchi, na treni haikuja. Tukakaa. Pikapu ilisimama uani juu ya magogo, upande mmoja umeinama, na kuku wakaanza kulala chini yake.

Mama aliutumia muda huo kutandika. Alinihamisha kutoka chumbani kwangu, akakisugua sakafu, akaleta godoro jipya la sufi na kulianika juani kila jua lilipotokea. Alinunua kikombe chenye mkono mpana, ili mtu aliyeishiwa nguvu aweze kukishika. Hakumhimiza baba. Alikuwa akipita uani na ndoo yake ya maji, akaitazama ile habu iliyo wazi, iliyofunikwa kwa gunia, kisha akaendelea.

Treni ilipokuja nilikwenda kuipokea mwenyewe. Beringi zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi yenye mafuta, zikimeta, na nilizibeba hadi Ujiji kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Kilichotokea mchana ule ndicho kinachonisumbua zaidi. Beringi ya namna ile ina sehemu mbili: vigololi vyenyewe, na kikombe cha chuma ambacho hupigiliwa ndani ya habu ili vigololi viviringike humo. Baba alikuwa amenifundisha tangu nikiwa na miaka kumi kwamba kikombe kipya hakiguswi na nyundo wala tindo. Unakiweka kikombe cha zamani juu yake, unapiga cha zamani, na kipya kinashuka sawasawa bila kuumia. Aliwahi kuwakaripia mafundi wazima kwa kosa hilo. Siku ile kikombe cha zamani kilikuwa karibu na goti lake. Nilikuwa ninakiona. Nilinyoosha mkono nimpe. Yeye akachukua tindo, akaliweka juu ya ukingo wa kikombe kipya, akapiga. Mlio uliotoka ulikuwa mwembamba. Ufa ulikwenda kutoka ukingo hadi ukingo.

Aliupapasa ufa kwa kidole gumba.

"Mkono umeteleza," alisema.

Mikono yake ilikuwa ikitetemeka siku hizo, nami nilijua hilo. Nilijua pia kwamba mkono unaoteleza hauanzi kwa kuchukua tindo. Nilimtazama usoni nikitafuta haya, au nafuu, na sikuona hata kimoja. Niliona mzee aliyechoka, jasho likimtiririka kwenye kope. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Aliuliza kama kimevunjika, akajibiwa kwamba kimevunjika, akarudi ndani.

Tukaagiza tena. Safari hii mama hakutandika kitu. Alikuwa akitwanga mihogo na kusema peke yake kwa Kirundi, lugha ambayo sikuwahi kuisikia ikitumika kutwa nzima ndani ya nyumba ile. Nilielewa kiasi, kwa kuwa Kiha changu, lugha iliyo karibu na Kirundi, kilikuwa kinanisaidia. Alikuwa akimsimulia dada yake mambo madogo: kwamba ana binti, kwamba binti amekwenda shule, kwamba ziwa hili ni lile lile walilokuwa wakiliona kwa mbali wakichunga mbuzi.

Yule muuza maharage alikuja tena, sasa hadi nyumbani. Hakukaa. Alisema mgonjwa amepungua, na kwamba ameacha kuwaamini wanaomwambia mdogo wake yuko hai. Maneno yake aliyaleta kama yalivyosemwa: "Anasema labda ulikufa siku nyingi, na watu wanamdanganya ili ale."

Mama alimshukuru, akampa chumvi na kipande cha sabuni, akamsindikiza hadi barabarani.

Kikombe cha pili kilifika katikati ya juma. Baada ya swala ya adhuhuri tulikipigilia, nami safari hii nilikishika kile cha zamani juu yake kwa mikono yangu miwili, ili baba asiwe na pa kupiga isipokuwa hapo. Kilishuka vizuri. Kisha nikaingia ndani kuchota maji na kusafisha mikono, nikakawia kidogo. Niliporudi alikuwa amekwisha jaza beringi, ameirudisha habu na anaikaza nati huku akilizungusha gurudumu. Liliviringika bila mlio wowote.

Mama alitoka na kigoda chake, akakaa karibu nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya wakati wa kazi ya gari.

"Kesho nitaipeleka Mwandiga na kurudi," baba alisema bila kuinua kichwa. "Nikiona haipati moto, tutajua."

"Kesho hutaijaribu, mzee. Kesho utanipeleka."

Baba aliendelea kuzungusha gurudumu. Kisha akasema kile ambacho nadhani kilikuwa kimemkaa kifuani tangu siku ya kwanza. "Na ukishamchukua? Pale kwenye kizuizi atakohoa, watafunua turubai. Watawasikia mnavyoongea. Hawatauliza nani alikuja juzi na nani alikuja zamani. Watawashusha wote wawili."

"Nimekwisha kuliwaza hilo. Simleti tena."

Aliinua kichwa.

"Ninakwenda kukaa naye," mama alisema.

"Utakaa kama nani?"

"Kama nilivyokuja."

"Wewe ni mtu wa Ujiji," baba alisema. Aliisema sentensi hiyo polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Kila mtu hapa anajua kwamba wewe ni mtu wa Ujiji."

"Basi nenda ukawaombe waniandikie hivyo. Wakiniandikia, ndipo nimlete dada yangu nyumbani kwangu."

 Katika mkoa mzima hapakuwa na wa kumwandikia hivyo. Baba akanielekezea mimi spana. "Na mtoto?"

"Mtoto ni mkubwa. Anajua mpaka kufunga gurudumu."

Alitamka hayo bila tabasamu, akanyanyuka na kigoda chake.  Nilikuwa na umri wa kusema, na maneno mengi ya kusomea, na hakuna hata moja lililofaa kuwekwa kati ya watu wale wawili.

Baba alibaki amechuchumaa. Baadaye, bila kuombwa, aliichomoa pini aliyokuwa ameiweka punde tu, akaifungua nati, akaivuta habu na kuitoa beringi mpya. Akaitumbukiza kwenye mafuta ya taa. Rangi iliyotoka na kusambaa ndani ya bakuli ilikuwa nyekundu.

Kopo la grisi nililolileta lilikuwa bado chini ya ukuta. Nilipolichukua nilikuta kifuniko hakijawahi kufunguliwa.

 Labda yalikuwa mazoea tu, mkono wa mtu mzima ukienda mahali ulipozoea kwenda. Au labda alikuwa amepiga hesabu kwamba mawese yatayeyuka kwenye vilima vya kwanza, na pikapu itasimama salama kando ya barabara, kabla ya kizuizi. Nilifungua kopo, nikamshikia. Aliichota grisi kwa vidole, akaisukuma kati ya kigololi na kigololi kwa kiganja, kwa subira, akaigeuza na kuisukuma tena, na alifanya hivyo kwa upande wa kulia pia, ambao haukuwa na shida. Alifanya kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kumwona akifanya. Jua lilipokuwa likizama magurudumu yote mawili yalikuwa chini.

Nitaruka mbele kidogo, ili msomaji asidhani mama aliondoka kwa muda mfupi. Alichokiogopa baba kilitokea. Aliyeandikishwa kambini alihesabiwa kuwa mtu wa kambini, na miaka baadaye malori ya kuwarudisha watu kwao yalipokuja, mama alipanda pamoja na wajukuu wa dada yake, ambao hawakuwa na mtu mwingine. Baba alikuwa akienda kumwona kambini kila alipoweza. Alikuwa akisimama nje ya lango.

Asubuhi tuliondoka mara baada ya swala ya alfajiri. Mama hakujitanda khanga. Alijifunga kitenge kilichofungwa fundo begani, kama wanavyojifunga wanawake wa kwao, na sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nilimwamkia kwa kusita kama ninavyomwamkia mgeni. Lile godoro la sufi tulilikunja na kulifunga kamba. Nilipanda nyuma nalo, yeye akakaa mbele.

Baba alisimama baada ya Mwandiga, akashuka, akaweka kiganja kwenye habu. Akasimama tena tulipomaliza kilima kikubwa, akafanya vile vile. Ilikuwa ya baridi. Kwenye kizuizi askari alitupungia mkono akiwa anapiga mswaki.  Kupitia kioo cha nyuma niliona vichwa viwili vilivyotazama mbele.

Langoni palikuwa na watu wengi. Yule muuza maharage alituona kabla hatujamwona, akaja mbio. "Yupo," alimwambia mama. "Jana alikunywa uji. Njoo umwonyeshe uso."

Mlinzi alikuwa kijana wa kwetu, mwenye heshima. Alimwamkia mama shikamoo, akamuuliza anatoka wapi. Mama alimjibu kwa Kirundi, wazi, kwa sauti ambayo watu waliokuwa karibu waligeuka kuisikiliza. Alitaja mlima alikozaliwa na tarafa yake, na jina la baba yake. Mlinzi akaitikia kwa kichwa, akamwonyesha benchi walipokuwa wamekaa wanawake wengine waliofika asubuhi ile. Kisha akatutazama sisi.

"Na hawa?"

"Huyu ni dereva," mama alisema. "Yule nyuma ni binti yake."

Mlinzi alimuuliza baba kama ndivyo. Baba akasema ndivyo, yeye ni dereva. Akaja nyuma, tukasaidiana kufungua kamba, akamshushia mama godoro na kumtwika kichwani, akalisawazisha kwa mikono miwili. Mama akaingia.